Toroli Iliyotoka Sebuleni

Karibu kila nyumba ya Jericho, mtaa wa Nairobi, niliyoingia miaka ile ilikuwa na kitu kimoja ambacho hakiguswi. Kwa wengine kilikuwa kabati la vyombo lenye kioo, kwa wengine redio kubwa ya mbao iliyovishwa kitambaa. Kwa dada yangu ilikuwa toroli ya chai. Wanawake wa kanisa walimpa siku ya harusi: trei mbili za kioo, fremu ya bomba lililopakwa rangi ya dhahabu, na magurudumu manne madogo kama vifungo vya koti. Juu yake alitandika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na juu ya vitambaa akapanga birika la kauri na vikombe ambavyo sikuwa nimewahi kuona mtu akivinywea. Ilikuwa na magurudumu lakini haikuwa na pa kwenda. Viti na meza vilijaa sebule nzima. Toroli ilisimama pembeni, chini ya picha ya harusi, na kila Jumamosi ilipanguswa vumbi.

Mimi sikukaa pembeni popote. Niliacha shule mapema, si kwa kukosa akili, ila dirisha la darasa lilitazama barabara na lori zilipita zikielekea mahali nisipopajua. Nikawa turnboi, msaidizi wa dereva wa lori, nikawa kuli Mombasa, nikaosha vyombo, nikachunga mbuzi wa mtu kule Voi ambaye sikumbuki hata sura yake. Kila mara niliondoka vilevile: asubuhi, bila kuaga, begi begani. Sikuwa na ubaya na mtu. Sikujua tu namna ya kusimama mlangoni na kusema naenda.

Mama yetu alipofariki kule kijijini, tulibaki wawili wa nyumba yake, dada na mimi. Baada ya matanga nilipotea tena, na niliporudi Jericho dada alinifungulia mlango, akanipa maji ya kuoga na chakula, akangoja nimalize kula.

"Sikiliza," akasema. "Mama hayuko. Nikifa leo, watu watamuuliza mume wangu, ndugu wa marehemu wako wapi? Atasema nini? Wako kwenye lori?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Safari hii ukiondoka bila kuniaga, usije ukapiga hodi hapa tena. Nimechoka kuuliza watu kama wamekuona."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hakuyarudia. Nikajua kwamba nimewekewa mpaka.

Nilipata kibarua kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu karibu na Shauri Moyo, kutenga shaba na chuma. Huko ndiko nilikoiona mashine. Ilikuwa imelala kifudifudi kati ya injini za lori, imejaa kutu pembeni, lakini niliitambua kwa mkono wake mrefu. Nilikuwa nimeona ndugu yake Mombasa, kwenye hoteli nilikopeleka kreti za soda. Mtu aliyevaa aproni alivuta mkono ule chini kwa nguvu, akauachia, na mkono ukapanda wenyewe, polepole, kama mtu anayenyanyuka kitandani, huku kahawa nyeusi ikitiririka nyembamba kama uzi. Nilisimama pale na kreti begani mpaka nikafukuzwa. Hamu ya kuinywa sikuwa nayo. Nilitaka kujua mkono ule unapandishwa na nini.

Nilifungua mashine ile uwanjani nikaona: springi nene kama mkono wa mtoto. Ukivuta, unaikunja springi. Ukiachia, yenyewe inasukuma maji ya moto yapenye ndani ya kahawa. Hakuna uchawi. Nilifurahi siku nzima. Mwenye uwanja alitaka kulikata tangi lake apate shaba, nikamwomba, tukakubaliana nimfanyie kazi Jumapili kadhaa. Dada alinuna kwa sababu ya kanisa, lakini nadhani alihesabu pia kwamba mtu mwenye kazi Jumapili ijayo hataondoka Jumamosi.

Kifaa cha umeme ndani ya tangi kilikuwa kimekufa, na umeme wenyewe ningeutoa wapi barabarani? Kwa hiyo nikafikiria stovu ya mafuta taa, ile ya kupampu, iwe chini na tangi liwe juu. Mkokoteni ungekuwa mfupi mno, ningevuta mkono nikiwa nimepiga magoti. Meza haitembei. Nilikuwa nakula jioni moja, nawaza kimo, nikajikuta natazama pembeni, chini ya picha ya harusi. Trei ya juu, trei ya chini, na kimo cha kiuno changu.

"Unaangalia nini?" dada akauliza.

"Hakuna."

"Toroli yangu iache."

Nikaendelea kula. Baada ya siku chache nilirudi kutoka kazini nikakuta vikombe vimefungwa kwa magazeti ndani ya katoni, vitambaa vimekunjwa, na toroli iko uchi katikati ya chumba. Shemeji, ambaye alikuwa dereva wa lori la saruji na hakuwa na maneno mengi, alikuwa amekaa anaitazama kana kwamba ni ng'ombe aliyeingia ndani.

"Ichukue," dada akasema. "Usiiuze, na usiiache njiani. Ukichoka nayo, irudishe hapo ilipokuwa."

Usiku nikawasikia kupitia pazia. Shemeji alikuwa anamuuliza dada kama amepata wazimu. Dada akajibu, "Mwache. Mtu mwenye toroli harukii lori."

Nilijifanya nimelala. Hata sasa sijui kama nilichosikia kilinikasirisha au kilinituliza.

Kuijenga kulinichukua msimu mzima wa mvua, jioni baada ya kazi, nje kwenye baraza la nyumba. Vioo nilivitoa nikaviweka chini ya kitanda. Mahali pake nikakata bati nene la pipa la mafuta, na kwenye bati la juu nikatoboa tundu la duara ili makalio ya tangi yashuke yaonane na moto. Magurudumu madogo yalizama kwenye tope siku ya kwanza, nikayabadilisha kwa magurudumu ya kigari cha mtoto niliyoyapata uwanjani, makubwa, yenye mpira. Upepo ulizima stovu, nikaizungushia ukuta wa bati. Majirani walipita wakisalimu, wakisimama, wakiuliza.

"Niaje, fundi? Hiyo ni kitanda ya hospitali?"

"Ni mashine ya kahawa."

"Kahawa! Na maziwa unaweka wapi?"

Aliyeuliza habari za maziwa alikuwa mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu, muuza sukuma wiki sokoni, mwanamke ambaye sauti yake ilifika mahali kabla yake. Nikamwambia kahawa hii haiwekwi maziwa. Akanitazama kwa huruma.

"Basi hujamaliza kuijenga," akasema.

Siku ya kuijaribu walikuja wengi. Niliwasha stovu, maji yakachemka, mvuke ukapiga filimbi, watoto wakapiga makofi. Nikaushika mkono kwa mikono miwili, nikavuta. Mkono haukushuka. Toroli ndiyo iliyoinuka, magurudumu ya nyuma yakaelea hewani, na mashine nzima ikaniinamia kama inataka kuniambia siri. Shemeji aliruka akaidaka kwa nyuma.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Hii inataka kukubusu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini kichwani nilikuwa tayari nimeshaanza kazi. Kule hotelini mashine ilifungwa kwenye kaunta ya saruji. Kaunta haitembei, na kitu kinachotembea ni chepesi. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Nilizunguka nao siku kadhaa. Mwishowe nilifunga debe la maji nyuma ya trei ya chini. Maji ya kutumia siku nzima ndiyo yaliyoishika toroli isiinuke, na kadiri yalivyopungua nilijua ni saa ya kurudi nyumbani, kwa sababu toroli ilianza kuinua mkia.

Asubuhi niliisukuma hadi ukingo wa Jogoo Road, wafanyakazi walikopita kwa miguu kuelekea viwandani. Walipenda kutazama. Kunywa ilikuwa habari nyingine.

"Hii ni ya kuonja," mmoja aliniambia akikitazama kikombe kidogo. "Yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

Akaimeza mara moja, akafumba macho, akakunja uso wote. "Bwana! Nimekukosea nini?"

Wachache walirudi: dereva mmoja wa basi, fundi viatu, na kinyozi wa mtaa jirani wa Mbotela aliyesema inamwamsha mikono. Nilijua tatizo ni lipi. Kahawa nilikuwa naitwanga kwa kinu na mchi, nayo ilitoka chenga, nyingine kubwa, nyingine vumbi, na maji yalipita katikati yake kama mvua kwenye paa bovu. Ilihitaji kusagwa laini, sawasawa. Kule kwetu upande wa Kangundo nilikua katikati ya mibuni. Baba na mama waliichuma mpaka vidole vikapasuka, wakaipeleka kiwandani, wakarudi nyumbani kunywa chai. Hakuna aliyewahi kunifundisha ikishakaangwa inasagwaje.

Na mtu wa nyumbani kwetu akifikiria kusaga anafikiria mahali pamoja tu.

Kisiagi cha sokoni Jericho, mashine ya kusaga unga, kilikuwa cha mtu aliyekuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu. Nilimpelekea mfuko wa kahawa iliyokaangwa, niliyoinunua kwenye duka moja mjini.

"Inasagika?" nikamuuliza.

"Mahindi, wimbi, mtama, mihogo. Kitu kikikauka, mimi nasaga."

Akamimina. Kisiagi kikanguruma, na ikatoka kahawa laini kama poda ya mtoto. Niliishika mkononi nikajua nimefika. Tulipongezana. Nyuma yangu wanawake walikuwa wamepanga foleni na madebe ya mahindi, maana ilikuwa Jumamosi na kila mtu alisagia wiki nzima. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Jambo ambalo yeye hakulijua, wala mimi, ni kwamba kahawa ina mafuta. Mahindi yanaacha vumbi, vumbi linapepea. Kahawa inashika.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, nilisikia sauti ya mama wa nyumba ya pili ikija, kisha yeye mwenyewe, na nyuma yake wanawake wa mstari mzima wa nyumba zetu, wamevaa nguo za Jumapili, kila mmoja na sufuria au bakuli mkononi. Dada alikuwa ndiyo kwanza ameingia, kitambaa cha kichwa bado hakijafunguliwa.

"Mwenye toroli yuko?" mama yule akauliza. Akainua kifuniko cha sufuria. Ndani mlikuwa na ugali wa jana, rangi ya kikoi kilichofuliwa na nguo nyeusi. "Nusa."

Dada akanusa.

"Mume wangu alikula huu saa moja," akaendelea, "mpaka alfajiri alikuwa anahesabu mbao za paa. Ananiamsha ananiuliza, mama, tulinunua lini kile kiti?"

"Wako ana heri," mwingine akasema. "Watoto wangu walirusha mpira wa kati mpaka mimi ndiye niliyelala kwanza."

Kuna waliocheka. Lakini mmoja hakucheka, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alisema taratibu kwamba unga ule ulikuwa wa wiki nzima, na hana mwingine. Hapo kicheko kikaisha. Na mama wa nyumba ya pili akamgeukia dada yangu, si mimi.

"Wewe tumekaa nawe vizuri miaka yote hii. Sasa umetuletea nini?"

Dada aliomba radhi. Alisema maneno mafupi, amesimama wima mlangoni, mikono ameishika pamoja. Walipoondoka alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akaingia jikoni. Hakuniambia lolote mchana kutwa, na ingekuwa afadhali anitukane.

Miguu yangu naijua. Kila nilipoharibu mahali, ilianza kuwasha. Jumatatu asubuhi begi langu lilikuwa limejaa, limesimama karibu na mlango. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba namwondolea aibu, kwamba mimi nikiondoka majirani watanyamaza. Sababu za kuondoka sikuwahi kuzikosa. Na kuaga nilikuwa nimekusudia kwa dhati, lakini ulimi ulikuwa mzito kama kawaida, nami nilikuwa nangoja aende kuteka maji.

Hakwenda kuteka maji. Alilitazama begi, akanitazama.

"Kabla hujaenda kuna kazi," akasema. "Toa hiyo mashine juu ya toroli."

Nikafungua bolti. Yeye akaburuta gunia la mahindi kutoka nyuma ya kitanda chao, mahindi ya shamba la mama, mavuno ya mwisho ya mkono wake, ambayo alikuwa ameyaweka bila kusema anayawekea nini. Nikasema hapana, haya siyo. Akasema, "Inua upande huo."

Kisiagi cha Jericho kilikuwa kimefunguliwa vipande vipande, mwenyewe anakisugua kwa maji moto na maranda. Ilibidi niisukume toroli mpaka Mbotela, gunia juu ya bati, nikasagiwa huko, nikarudi na unga. Dada alinipa kopo la kupimia.

"Zunguka. Kila nyumba iliyokuja jana."

"Twende wote."

"Mimi niliaibika jana. Leo ni zamu yako."

Nilidhani ni kazi ya kukabidhi unga mlangoni na kuondoka. Nilikuwa nimesahau, kwa kuishi kwenye malori, kwamba unga haukabidhiwi mlangoni. Nyumba ya kwanza, mama mwenye mtoto mchanga akasema, "Ingia," nami nikasema nina haraka, naye akasema tena, "Ingia," kwa namna ambayo haina jibu. Nikakaa. Chai ikawekwa. Akaniuliza kwetu ni wapi, mama yetu alikufa kwa ugonjwa gani, na hiyo Voi kuna nini. Nilipoinuka alinirudishia kopo, na ndani yake mlikuwa na vitunguu viwili, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Nyumba iliyofuata nikapewa chai na yai. Nyumba nyingine chai na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Kwingine chai na ndimu, chai na kipande cha sabuni. Kila nilikokaa niliona kile kitu kisichoguswa: kabati, redio, saa ya ukutani iliyosimama, seti ya glasi zenye maua. Tumbo lilikuwa ngoma. Nilikuwa nimeishi kwenye mstari ule miezi mingi na sikujua kwamba mume wa yule ni mchonga vinyago, wala kwamba mwingine ana mtoto asiyesikia. Walinijua wao zaidi ya nilivyowajua. Waliniita ndugu wa mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza wa dada.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama wa nyumba ya pili. Nilikuwa nimeiruka makusudi. Alipima unga kwa macho, akatikisa kopo ushuke, akaniambia niongeze. Nikaongeza. Kisha akakaa mbele yangu, miguu ameinyoosha.

"Nasikia unaondoka."

"Nani amesema?"

"Begi liko mlangoni, mlango uko wazi. Mimi ni kipofu?"

Nikalizungusha kopo mikononi.

"Sawa, enda," akasema. "Lakini kahawa yako nimeila. Bado sijainywa. Utaniachaje hivyo?"

Sijui kama alikuwa amepanga na dada yangu. Nimewahi kumuuliza dada, akasema yule mwanamke hapangwi na mtu. Nilisukuma toroli nyumbani, juu yake vitunguu, mayai, ndimu, chumvi, sabuni, viazi vikuu na nusu mkate. Dada alianza kuvipanga mezani. Begi lilikuwa palepale. Alilipita huku na huku kama kiti.

"Unaondoka saa ngapi?" akauliza, mgongo amenigeuzia.

"Kesho yule mama anakuja kunywa kahawa."

"Haya," akasema, akaendelea kupanga mayai.

Walikuja karibu wote. Nilikuwa nimeirudisha mashine juu ya bati na debe la maji nyuma. Dada alitoka ndani na ile katoni, akafungua magazeti, akatoa vikombe vya harusi kimoja kimoja, akavifuta kwa upindo wa leso. Havikuwa vimewahi kuguswa na mdomo. Mama wa nyumba ya pili alipewa cha kwanza. Mkono ukapanda polepole, wote wakautazama, kahawa ikatiririka. Akaonja. Akakiweka kikombe chini.

"Ile ya ugali ilikuwa na ladha zaidi," akasema, "leteni maziwa na sukari."

Dada alileta sufuria ya maziwa moto, na toka siku hiyo ndivyo nilivyoiuza: kahawa ya mashine ndani ya maziwa yaliyochemshwa, kwenye kikombe kikubwa. Wenye kujua watasema nimeiharibu. Watu wa Jogoo Road walipanga foleni. Shemeji alirudi safari moja kutoka pwani na kisagio kidogo cha mkono amekifunga kwa shati, akakiweka mezani. Mwenye kisiagi alikuwa ameshaandika kwa chaki mlangoni kwake: KAHAWA HAPANA.

Nilikaa Jericho muda mrefu kuliko nilivyokaa popote. Siwezi kusema nilibadilika. Lori zilipita Jogoo Road na nilizitazama nikiwa nimeshika mkono wa mashine. Ilipofika siku ya kuondoka kweli, nilimwambia dada wiki nzima kabla, mchana, tukiwa tumekaa. Alilia kidogo, kisha akauliza, "Na toroli?"

Nikaitoa mashine nikampa yule kinyozi. Nikaisugua fremu, nikairudishia vioo vyake kutoka chini ya kitanda, nikaipaka rangi ya dhahabu ambayo haikufanana na ya kwanza. Magurudumu ya kigari cha mtoto dada alikataa niyatoe. Alitandika vitambaa, akapanga vikombe, tukaisukuma pembeni mahali pake. Ikagoma kuingia. Ilikuwa imeongezeka kimo, na birika liligonga fremu ya picha ya harusi. Shemeji akachukua nyundo, akang'oa msumari, akaipandisha picha juu.